Maswali ya Wasomaji: Msimu wa dragi Marekani, kuanzia Gainesville hadi Pomona

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu ubingwa wa NHRA, chama cha Marekani cha mbio za dragi, yaani magari mawili kushindana kwa umbali mfupi kwenye njia iliyonyooka, kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951. Wengi mmeona video zake: gari jembamba na refu linaondoka, ardhi inatetemeka, na kabla hujakaa sawa parashuti zimeshafunguka. Kinachowasumbua ni mambo yasiyoonekana kwenye video, yaani hesabu za pointi, kazi ya mafundi na sheria za mstari wa kuanzia. Hesabu za pointi tumezitoa kwenye msimu wa 2024. Anayefuatilia mwaka mwingine aangalie kanuni za mwaka huo.

Wahariri, habari za kazi. Mbio zenyewe ni sekunde chache tu. Ubingwa wa mwaka mzima unapatikanaje? Mwenye ushindi mwingi ndiye bingwa? (Msomaji, Mwanza)

Si lazima. Msimu wa 2024 ulikuwa na mashindano 20. Ulianza Machi Gainesville, Florida, ukamalizika Novemba Pomona, California. Madaraja ya weledi ni manne: Top Fuel, yale magari marefu yenye injini nyuma ya dereva, Funny Car, yenye injini ya aina hiyo hiyo ila iko mbele ya dereva, na bodi nzima ya kaboni inayoinuliwa kama kifuniko, Pro Stock, yenye sura ya gari la kawaida na injini isiyo na supachaja (pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini), na Pro Stock Motorcycle, daraja la pikipiki. Kila daraja lina bingwa wake. Pikipiki hazikimbii katika mashindano yote 20.

Kila shindano lina sehemu mbili. Ijumaa na Jumamosi ni za kufuzu: kila dereva anapewa nafasi kadhaa za kukimbia, na muda wake bora ndio unaompanga. Wanaoingia Jumapili ni 16. Wa kwanza anapambana na wa 16, wa nane na wa tisa, na wengine kwa mpangilio huo huo. Ukishindwa mara moja, unafunga mizigo. Raundi ni nne hadi fainali.

Sasa pointi. Aliyetolewa raundi ya kwanza anapata 20, ya pili 40, nusu fainali 60, aliyeshindwa fainali 80 na mshindi 100. Kwa hiyo kila raundi ina thamani ya pointi 20, na namba hiyo ndiyo ya kukumbuka ukiwa unafuatilia msimu. Kufuzu nako kuna pointi: nafasi ya kwanza inaleta 8, ya pili 7, ya tatu 6, ya nne 5, halafu zinashuka hadi 1 kwa wanaoshika nafasi ya 13 hadi 16. Wanaoongoza katika kila kipindi cha kufuzu huongezewa chache. Ukizitazama peke yake hazikushtui, lakini zijumlishe kwa mashindano 20 uone.

Baada ya mashindano 14 ya kwanza, ambayo humalizikia kwenye U.S. Nationals pale Indianapolis mwanzoni mwa Septemba, jedwali linasawazishwa upya. Mfumo huo unaitwa Countdown na ulianza mwaka 2007. Anayeongoza anawekewa pointi 2,100, wa pili 2,080, wa tatu 2,070, wa nne 2,060, hadi wa kumi anayeanza na 2,000. Hata kama kiongozi alikuwa mbele kwa pointi 400, sasa amebaki mbele kwa 20, yaani raundi moja. Yanabaki mashindano sita.

Kuna kitu kingine ambacho wageni wengi hawakioni: U.S. Nationals na fainali za Pomona hutoa pointi mara moja na nusu. Pale kila raundi ni 30 na mshindi anachukua 150. Chukua mfano: dereva A anafika Pomona akiwa mbele ya B kwa pointi 55. A akitolewa raundi ya kwanza anapata 30. B akifika fainali na kushindwa anapata 120. Tofauti ni 90, na ubingwa umeshahama ingawa B hakushinda shindano lenyewe. Ndiyo maana tunasema ubingwa huu hupewa gari linalovuka raundi ya kwanza kila wiki kabla ya kupewa gari lenye kasi kuliko yote. Kutolewa mapema mara mbili ndani ya Countdown huwa ni vigumu mno kufidia.

Huo mfumo wa kusawazisha pointi si dhuluma? Mtu anavuja jasho miezi sita halafu wanamfutia! (Msomaji, Dar es Salaam)

Malalamiko hayo yapo hata Marekani na yana msingi. Mwaka 2009 Robert Hight aliingia Countdown ya Funny Car akiwa wa kumi, nafasi ya mwisho kabisa, na akaondoka na ubingwa. Mwaka 2017 Steve Torrence alishinda mashindano manane ya Top Fuel, Brittany Force manne, na bingwa akawa Brittany. Mwaka uliofuata Torrence alirudi na kushinda mashindano yote sita ya Countdown, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake.

Hata hivyo, tusidhani kwamba mfumo wa zamani ulikuwa hauumizi. Mwaka 2006, kabla ya Countdown, Doug Kalitta aliongoza Top Fuel kwa muda mrefu. Kwenye fainali ya mwisho ya msimu pale Pomona, Tony Schumacher alihitaji vitu viwili kwa mkupuo mmoja: amshinde Melanie Troxel na pia avunje rekodi ya taifa ya muda, kwa sababu wakati huo rekodi ilikuwa na pointi 20 za nyongeza. Alikimbia robo maili kwa sekunde 4.428. Akavipata vyote viwili. Kalitta alikosa ubingwa kwa pointi 14.

Alisubiri miaka 17. Mwaka 2023, pale pale Pomona, fainali ya Top Fuel ilimkutanisha na Leah Pruett huku anayeshinda akichukua shindano na ubingwa kwa pamoja. Kalitta alishinda. Kwa maoni yetu, siku kama hiyo ndiyo hoja kubwa ya wanaoutetea mfumo huu: msimu mzima unaamuliwa na magari mawili yaliyosimama pamoja chini ya taa. Ambaye haupendi bado ana haki ya kuuliza kama miezi sita ya kwanza ina uzito wa kutosha. Sisi tungependa kiongozi aachiwe angalau raundi mbili za akiba.

Nilitazama mbio, gari lililoandikiwa muda mdogo likashindwa. Wenye mitambo walikosea? (Msomaji, Nairobi)

Hawakukosea. Saa ya gari haianzi taa ya kijani ikiwaka. Inaanza pale tairi la mbele linapoondoka kwenye mwale wa mwanga ulio kwenye mstari wa kuanzia. Dereva akisinzia kidogo baada ya kijani, muda wa gari lake hauharibiki hata kidogo, lakini mwenzake ameshaondoka.

Mpangilio wa taa ni huu. Dereva anasogea hadi anakata mwale wa kwanza, taa ndogo za juu zinawaka. Anasogea tena inchi chache, anakata mwale wa pili, na sasa amesimama rasmi. Wote wawili wakiwa tayari, taa tatu za njano zinawaka kwa pamoja, na kijani kinafuata baada ya sekunde 0.400. Dereva hasubiri kijani. Anaondoka kwa njano, kwa sababu mguu na mashine vinahitaji muda. Akiondoka sawasawa na kijani, muda wake wa kuitikia ni 0.000. Akiwahi hata kwa sekunde 0.001, taa nyekundu inawaka na ameshindwa papo hapo. Madereva wazuri huwa kati ya 0.050 na 0.070.

Piga hesabu. Gari la kushoto: kuitikia 0.050, kukimbia 3.700, jumla 3.750. Gari la kulia: kuitikia 0.090, kukimbia 3.680, jumla 3.770. La kulia lina kasi zaidi na limeshindwa kwa sekunde 0.020. Kwa mwendo wa kilomita 530 kwa saa, hizo ni kama mita tatu.

Ipo mbinu nyingine ya kuangalia: dereva anayesogea mbele zaidi kidogo ndani ya mwale wa pili, hadi taa za juu zinazima. Anapata muda mzuri wa kuitikia kwa sababu tairi lina umbali mdogo wa kutoka kwenye mwale, lakini saa ya gari inaanza kabla gari halijachukua kasi, kwa hiyo muda wa kukimbia unakuwa mkubwa kidogo. Na hatari ya taa nyekundu inaongezeka.

Kwa nini Top Fuel hukimbia futi 1,000 badala ya robo maili? (Msomaji, Arusha)

Ni kwa sababu ya kifo. Tarehe 21 Juni 2008 Scott Kalitta, bingwa wa Top Fuel wa 1994 na 1995 na binamu yake Doug, alikuwa akifuzu na Funny Car pale Englishtown, New Jersey. Injini ililipuka karibu na mwisho, parashuti hazikumsaidia kupunguza mwendo, na gari likapita eneo lote la kusimamia. Kuanzia shindano la Denver la Julai mwaka huo huo, Top Fuel na Funny Car zikapunguziwa umbali kutoka mita 402 hadi mita 305. Pro Stock na pikipiki zimebaki na robo maili kamili.

Wengi walidhani ni hatua ya muda. Haikuondolewa, na kasi imezidi ile ya zamani licha ya umbali kupungua. Novemba 2022 Pomona, Brittany Force alipimwa maili 338.94 kwa saa, karibu kilomita 545, na mwaka 2025 akawa wa kwanza katika Top Fuel kuvuka maili 340. Muda wake wa sekunde 3.623, aliouweka Reading, Pennsylvania, mwaka 2019, unaonyesha mashine hizi zimefika wapi.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli. Nimesikia injini ya Top Fuel hufunguliwa kila baada ya mbio. Wanabadilisha nini hasa, na kwa nini injini haidumu? (Msomaji, Morogoro)

Swali la fundi, tutalijibu kifundi.

Anza na mafuta. Injini ni V8 ya lita 8.2 yenye supachaja, na inakunywa nitromethani asilimia 90 iliyochanganywa na methanoli. Petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili kilo moja iungue. Nitromethani inahitaji kilo 1.7 tu, kwa sababu molekuli yake imebeba oksijeni ndani yake. Kilo moja ya nitro ina nishati ndogo, kama robo ya ile ya petroli, lakini kwa hewa ile ile unaweza kumimina zaidi ya mara nane ya kiasi hicho. Ukizidisha na kugawanya, kila pumzi ya injini inatoa nishati zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo nguvu za farasi 11,000 zinapotoka. Mkimbio mmoja, ukijumlisha kuunguza tairi na kurudi nyuma hadi mstarini, unakula zaidi ya lita 50.

Ubaya wake ni huu: mafuta yanaingia mengi mno kiasi kwamba silinda inakaribia kujaa kimiminika. Kila silinda ina plagi mbili, jumla 16, na zinapewa umeme na magineto mbili kubwa. Kufikia katikati ya mbio ncha za plagi huwa zimeyeyuka, na injini inaendelea kwa joto la ndani tu, kama dizeli unazozitengeneza. Huwezi kuizima kwa kukata umeme. Dereva anakata mafuta. Na silinda ikizima katikati ya mbio, mafuta yasiyoungua yanajaa juu ya pistoni. Kimiminika hakishindiliki, wewe unajua: kitu kinachofuata ni konrodi kupinda, au silinda hedi kunyanyuka.

Gari likishavutwa hadi kwenye hema, mafundi wanane hadi kumi wanaanza kazi kwa wakati mmoja, kila mtu na sehemu yake:

Wa chini anamwaga oili na kuitazama. Ikiwa nyembamba na inanuka nitro, kuna silinda iliyokuwa haiungui vizuri. Kisha anafungua sampu na kukagua beringi za konrodi na za krenki. Beringi iliyosagika upande mmoja inamwambia fundi mkuu ni silinda ipi ilipigwa na shinikizo kabla ya wakati.

Wa juu wanatoa supachaja na manifoldi yake, halafu hedi zote mbili. Pistoni na konrodi zinatoka kwa seti, zinaingia nyingine zilizokwisha kupimwa. Hedi na supachaja hubadilishwa nzima nzima. Za kwanza zinakwenda kwenye trela kukaguliwa valvu na springi.

Wa nyuma wanashughulikia klachi, na hapa ndipo ushindi hupatikana au kupotea. Gari halina giaboksi. Lina difu yenye uwiano wa 3.20 na klachi ya sahani kadhaa inayoteleza kwa makusudi tangu mstarini, ikijifunga kidogo kidogo kwa kufuata vipima muda vilivyowekwa kabla. Kompyuta hairuhusiwi kuongoza lolote. Kilichomo ni kifaa cha kurekodi tu. Sahani zinaungua kila mkimbio, kwa hiyo zinawekwa mpya, zikiwa zimepimwa unene kwa maikromita. Rundo likizidi au kupungua kidogo tu, klachi inashika mapema au kuchelewa, na gari linaondoka kivingine kabisa.

Mwishoni plagi 16 mpya, oili nzito ya SAE 70, mafuta, na injini inawashwa pale pale hemani ili wakague uvujaji, majira ya cheche na mguso wa klachi. Muda wa kawaida kati ya raundi ni kama dakika 75. Timu nzuri humaliza kabla ya hapo, na dakika zinazobaki ni za fundi mkuu kusoma kumbukumbu za mbio iliyopita na kuamua atapunguza au kuongeza nini.

Uliuliza kwa nini haidumu. Hesabu mwenyewe: mizunguko 8,000 kwa dakika, kwa sekunde 3.7, ni kama mizunguko 493. Ndani ya mizunguko isiyofika 500 kila kilichokuwa salama kinakuwa cha kukaguliwa.

Makosa yanayoonekana zaidi ukiwa jukwaani ni haya. Moshi mweupe kwenye tairi maana yake klachi imeshika kwa nguvu kuliko njia inavyobeba, mara nyingi alasiri ambapo lami imepata joto na gundi ya njia imelainika. Gari likitetemeka hadi kofia ya dereva inaonekana mara mbili, hilo ni tatizo la kinyume: tairi halikupata mzunguko wa kutosha, likajikunja juu yake lenyewe na kuanza kurukaruka. Tairi hizo za nyuma zina kipenyo cha inchi 36 na hujazwa upepo wa psi 7 hivi, ili zijikunje wakati wa kuondoka na kufanya kazi ya gia ndogo, kisha zinapanuka kwa kasi na kuwa gia kubwa. Dereva anachoweza kufanya ni kuachia mguu mara moja na kukanyaga tena taratibu. Mwali mmoja wa ekzosi ukipotea, silinda imezima, na gari litavutwa pembeni kwa sababu msukumo wa ekzosi za pande mbili haulingani tena. Mlipuko wa juu wa injini mara nyingi huanzia kwenye valvu ya kuingiza: ikivunjika au kubaki wazi, moto unarudi kwenye manifoldi iliyojaa nitro na supachaja inapasuka. Ndiyo sababu supachaja hufungwa kwa mikanda na blanketi la nyuzi za Kevlar.

Na injini ikimwaga oili njiani, timu inakatwa pointi na kupigwa faini, kwa sababu kila mtu anasubiri hadi njia isafishwe.

Jamaa yangu Mombasa ana Mark X ya 2.5 kama yangu. Robo maili yeye 16.0, mimi huku Nairobi 16.8. Injini yangu imechoka? (Msomaji, Nairobi)

Huenda haina tatizo lolote. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito pungufu wa kama asilimia 16 ukilinganisha na ya Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Muda wa robo maili haupungui sawia na nguvu. Hufuata kipeuo cha tatu cha nguvu. Kwa hesabu hiyo 16.0 ya Mombasa inakuwa kama 17.0 Nairobi, na kwa kuwa hewa nyepesi pia inapunguza kidogo ukinzani wa upepo, 16.7 hadi 16.9 ni sawa kabisa.

Waliokimbia Denver wanaijua adha hiyo. Uwanja wa Bandimere, uliofanya shindano lake la mwisho la NHRA Julai 2023, ulikuwa mwinuko wa karibu mita 1,770, yaani kama Nairobi. Pro Stock, zinazokimbia sekunde 6.5 kwingineko, pale zilikuwa kwenye 6.9 hivi. Magari ya nitro yalikuwa yakiongezewa mzunguko wa supachaja na kupangiwa mafuta upya, na mpangilio huo haukufaa mahali pengine popote kwenye kalenda. NHRA ina hata jedwali la kurekebisha muda wa magari ya ridhaa kwa viwanja vya mwinuko.

Kabla ya kufungua injini, pima vitu vitatu. Shinikizo la silinda zote sita. Zilingane zenyewe kwa zenyewe, usizilinganishe na namba za kitabu kilichoandikiwa usawa wa bahari. Kichujio cha hewa na sensa yake. Halafu upepo wa tairi za nyuma: shusha hadi psi 26, kimbia mara tatu, andika joto la hewa, saa na muda wa futi 60 za kwanza. Ukibadilisha vitu viwili kwa mara moja hutajua kipi kimesaidia. Na haya yote yafanyike kwenye uwanja uliofungwa kwa kibali, penye zimamoto na gari la wagonjwa. Barabara ya umma haina eneo la kusimamia, na anayevuka hajui kama mko mashindanoni.

Assalaam aleikum. Huku Ghuba watu wanapenda sana dragi. Kuna Mwarabu aliyewahi kuingia kwenye ubingwa wa NHRA? (Msomaji, Muscat)

Waaleikum salaam. Ndiyo, na kama mmiliki alifika kileleni. Timu ya Al-Anabi ya Sheikh Khalid bin Hamad Al Thani wa Qatar ilichukua ubingwa wa Top Fuel mara tatu ikiwa na madereva Wamarekani: Larry Dixon mwaka 2010, Del Worsham 2011 na Shawn Langdon 2013. Ilifungwa mwanzoni mwa 2015. Rangi za magari yake, dhahabu kwa gari moja na fedha kwa jingine, bado zinakumbukwa na mashabiki.

Wanawake wana daraja lao? (Msomaji, Tanga)

Hawana, na hawalihitaji. Wanakimbia na wanaume kwenye njia ile ile na taa zile zile. Shirley Muldowney alikuwa bingwa wa Top Fuel mwaka 1977, 1980 na 1982. Angelle Sampey alitwaa taji la pikipiki mara tatu mfululizo, 2000 hadi 2002. Erica Enders ana mataji sita ya Pro Stock, la mwisho 2023. Brittany Force ana mawili ya Top Fuel. Tukiwa hapo hapo tumtaje Antron Brown, aliyeanzia kwenye pikipiki: mwaka 2012 alikuwa bingwa wa kwanza Mmarekani mweusi wa Top Fuel, na 2024 akachukua taji lake la nne.

Tunaishi Columbus, Ohio, na tunataka kupeleka watoto kuona mbio za Norwalk. Tubebe nini? Na ndugu zetu Bujumbura na Dar watazitazama saa ngapi? (Msomaji, Columbus)

Tuanze na masikio, maana hapa ndipo familia nyingi hukosea. Magari mawili ya nitro yakiondoka pamoja, kelele hupita kiwango ambacho sikio linaweza kuvumilia hata kwa sekunde moja. Kila mtu avae kinga mbili: vizibo vya sponji ndani na vifuniko vya masikio juu yake. Kizibo kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kisukume ndani, kishike sekunde 20 hadi kipanuke. Kikiingia nusu hakifanyi kazi. Watoto wanunulieni vifuniko vya saizi yao, kwa sababu vya watu wazima huacha nafasi pembeni. Mtoto mchanga mwacheni nyumbani.

Tiketi yoyote ya NHRA inakuruhusu kuingia kwenye mahema ya timu. Msikose hilo, kusimama mita mbili kutoka kwa mafundi wanaofungua injini kunafundisha kuliko jukwaa. Ila injini ikiwashwa hemani, simameni upande upepo unakotoka. Moshi wa nitro unachoma macho na koo, na mwenye pumu akae mbali kabisa.

Beba kofia, maji na koti la mvua. Mbio hazifanyiki njia ikiwa na unyevu hata kidogo, kwa kuwa tairi hazina meno na gundi ya njia haishiki. Mvua ya nusu saa inaweza kula nusu siku, na wakati mwingine Jumapili ikahamia Jumatatu. Pangeni usafiri mkijua hivyo.

Kwa ndugu: saa za mashariki ya Marekani wakati wa kiangazi ziko nyuma ya Dar kwa saa saba. Raundi ya kwanza ya Norwalk ikianza saa tano asubuhi, Dar ni saa kumi na mbili jioni, na Bujumbura ni saa moja nyuma ya Dar. Pomona mwezi Novemba tofauti na Dar ni saa 11, kwa hiyo mbio za saa nne asubuhi huko zinaanza saa tatu usiku, na fainali huwakuta watu wa Dar saa saba au nane za usiku.